Injini ya mkiani: mafuta yanayoungua ndege ikiwa imeegeshwa

Abiria wengi hudhani injini za mabawani zikishazimwa, ndege imeacha kuchoma mafuta. La. Mkiani kuna injini nyingine ndogo inayoendelea kuvuma ili taa ziwake na kiyoyozi kifanye kazi. Ukishuka ngazi pale uwanja wa Moi, Mombasa, ukasikia mlio mkali upande wa nyuma, ndiyo hiyo.

Kazi yangu ni hesabu za mafuta ya ndege, na ya kwanza huwashangaza watu: kilo 1 ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za kaboni dayoksaidi. Uzito huo wa ziada unatoka hewani, kwa kuwa kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni.

Angani, mabadiliko ya kupunguza kaboni hii yanakwenda polepole. Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege ya Nairobi hadi Amsterdam kwa mafuta yaliyochanganywa na yale mbadala yasiyotokana na petroli, lakini bei yake bado ni ghali mno. Ardhini tunaweza kuanza leo, hasa hapa pwani, ambapo kwa joto letu hakuna anayethubutu kuzima kiyoyozi.

Desemba 2018, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na Umoja wa Ulaya walizindua uwanjani hapa mradi wa sola wa takriban kilowati 500, pamoja na mitambo ya kuipa ndege iliyoegeshwa umeme na hewa baridi. Ikishaunganishwa, rubani anazima injini ya mkiani. Makadirio yalikuwa kuepusha tani 1,300 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka. Gawanya kwa 3.16: zaidi ya tani 400 za mafuta! Mimi nauthamini mradi wa namna hii kuliko ahadi za kupanda miti. Mti huchukua miaka kukua, na unaweza kukatwa. Mafuta yaliyobaki tangini yamebaki.

Ila mtambo ukichelewa kufika, na ndege inaondoka tena baada ya muda mfupi, rubani ataona heri aiache injini iendelee. Wasimamizi wa zamu, tafadhalini, mtambo uwe umeshasogezwa kabla ndege haijasimama.

Nawe abiria, mhudumu akikuomba ushushe kifuniko cha dirisha kabla ya kuteremka, kishushe. Jua la saa nane mchana likizuiwa, ndani hakupati joto haraka, na rubani hana haja ya kuiwasha injini ya mkiani mapema kwa ajili ya kiyoyozi.