Kukabwa na jinamizi: hakuna mchawi aliyekukalia kifuani

Hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, mtu akizinduka usiku macho wazi, mwili haujongei, kifua kimelemewa na kivuli kimesimama mlangoni, jibu huwa tayari: amekabwa na mchawi. Wengine humtaja hata jirani kwa jina, na hapo ndipo madhara makubwa huanzia.

Tunapoota, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusiinuke kutenda tunayoyaota. Macho na msuli mkuu wa kupumulia huendelea na kazi. Mara nyingine fahamu hurudi kabla misuli haijaachiwa. Unakiona chumba chako, lakini ndoto bado haijaisha. Ndiyo maana kivuli na sauti huonekana vya kweli kabisa. Pumzi huwa fupi, kifua kikabana. Hali hiyo hudumu sekunde chache, au dakika moja mbili, kisha huisha yenyewe bila kuudhuru mwili. Inatisha mno, na anayeisimulia hasemi uongo.

Takriban watu 8 kati ya 100 hupatwa nayo walau mara moja maishani. Huchochewa na usingizi mchache, msongo wa mawazo, kulala chali na ratiba inayobadilikabadilika. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaokesha na taa siku za giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu, wamo hatarini hasa. Wapewe nafasi ya kulala mchana bila kelele.

Anayesinzia ghafla mchana kila mara, au kulegea magoti anapocheka, amwone daktari.