Kipepeo-jani hageuki kuwa jani

Kila picha zake zinapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maelezo ni yale yale: kipepeo huyu akiona hatari "hugeuka jani, kama kinyonga." Nimeyasoma mara nyingi mno, na yananisikitisha kwa sababu yanaficha jambo zuri kuliko hilo wanalolisifu.

Anayezungumziwa ni Kallima inachus, kipepeo wa Asia. Anapatikana kuanzia kaskazini mwa India na Nepal, kupitia Myanmar, Thailand na Vietnam, hadi kusini mwa Uchina, Taiwan na visiwa vya Okinawa huko Japani. Makazi yake ni misitu minene yenye mvua ya kutosha, na maua hayamvutii sana; hupenda utomvu wa miti na matunda yaliyooza. Akitandaza mabawa, upana wake hukaribia sentimita 10. Juu ni buluu iliyokoza, na mkanda wa rangi ya chungwa umekatiza bawa la mbele. Chini ni jani kavu tupu: rangi ya kahawia, mstari mmoja kama mshipa mkuu wa jani, mishipa midogo inayotoka pembeni, hata madoa kama ya ukungu.

Sura zote mbili anazo wakati wote. Akiruka tunaona ya juu. Akitua hufumba mabawa, tukaona ya chini. Kinyonga hubadili rangi kwa sababu ngozi yake ina chembe hai zinazofanya kazi hiyo. Bawa la kipepeo limefunikwa na magamba madogo mno yasiyo na uhai, na rangi yake hupangwa angali ndani ya pupa. Akishatoka, haibadiliki tena. Wapo wa msimu wa mvua na wa kiangazi wanaotofautiana, na hata wa msimu mmoja hawalingani: huyu ana jani lenye madoa, yule lisilo nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa tofauti hizo za majani zinahusiana na jeni iitwayo cortex. Ni urithi, wala hachagui.

Kosa la pili ni dogo zaidi, lakini ndilo linalonikera hasa: kusema kwamba anajificha. Mdudu anayejificha humezwa na mahali alipo, na jicho la ndege hupita bila kumwona. Kipepeo-jani anaweza kuonekana waziwazi akaachwa. Mara nyingi hutua kwenye shina la mti, kichwa chini, mahali ambapo hakuna majani makavu ya kumficha. Ndege anamwona, ila anachokitambua ni jani, na jani haliliwi.

Tofauti hii imewahi kupimwa, ingawa kwa viwavi wanaofanana na vijiti. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza waliwatumia vifaranga wa kuku. Baadhi walioneshwa kwanza vijiti halisi, wengine hawakuoneshwa, kisha wote wakapewa viwavi hao peupe. Waliokwisha kuvijua vijiti walichelewa zaidi kuwadonoa. Viwavi walikuwa wale wale, na hawakuwa na pa kujificha. Kilichowatofautisha vifaranga ni walichokwisha kukiona. Kwa hiyo kinga hii inategemea ujuzi wa adui. Asiyewahi kuliona jani hawezi kudanganywa na mfano wake.

Nako kuiga mdudu mwenye sumu ni jambo jingine tena. Huku kwetu Afrika Mashariki yupo kipepeo Papilio dardanus, ambaye majike wake wengi wanafanana na vipepeo wenye sumu. Hao wanataka watambuliwe, ndege akumbuke uchungu na kuwaepuka. Kallima hamkumbushi ndege uchungu wowote. Anamwonesha kitu kisicho na maana kwake.

Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza aliyemfuatilia ndugu yake wa Sumatra, Kallima paralekta, aliandika mwaka 1869 jinsi alivyokuwa akimpoteza machoni mara tu anapotua. Nadhani hapo ndipo maneno "anageuka" yanapopata nguvu, maana macho yanafuata buluu, na ghafla buluu haipo.

Basi ukiituma picha hiyo tena, andika tu kwamba "akifumba mabawa hudhaniwa jani." Hilo ni kweli, na linatosha kumshangaza atakayelisoma.