Wingi wa magonjwa sugu: nini hubadilika mbele ya daktari

Mwenye tansio (shinikizo la juu la damu) pekee ana ugonjwa sugu mmoja: hauponi, unatunzwa. Akiongezewa sukari, pumu au virusi vya UKIMWI, huitwa mtu mwenye wingi wa magonjwa sugu. Kwa Shirika la Afya Duniani, mawili yanatosha. Si lazima moja liwe limeleta jingine, wala hakuna linalochukuliwa kuwa kuu na mengine nyongeza.

Ugumu unaanzia kwenye matibabu, maana huduma nyingi zimepangwa kwa ugonjwa, si kwa mtu. Kila mlango una fishi yake, yaani karatasi ya mgonjwa, na daktari wa huku haoni yaliyoandikwa kule.

Chukua mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye tansio na sukari. Kwa tansio anameza captopril na dawa ya kukojoza. Goti likimuuma haendi kwa munganga. Ananunua diclofenac, dawa ya maumivu, soko la Kenya la hapa hapa Lubumbashi, vidonge vichache vilivyokatwa kwa mkasi hata jina halisomeki. Diclofenac hupunguza damu inayofika kwenye figo na kuzuia chumvi na maji yasitoke, basi tansio inapanda. Diclofenac ikikutana na dawa zake zile mbili, figo zinaweza kuumia ghafla, na sukari ya miaka mingi huenda ilishazichosha. Siku ya kuonana na daktari kipimo kinasoma 170 kwa 100. Daktari anaona dawa hazitoshi, anaongeza ya tatu. Habari ya goti haikuulizwa, wala mama hakuona sababu ya kuitaja: alikuja kwa tansio.

Kwa mtu wa namna hii, ziara nzuri huanza kwa kumwaga mfuko mzima mezani: dawa za hospitali, za sokoni, hata mizizi ya kuchemsha. Kisha yanafuata maswali ambayo, kwa maoni yangu, huulizwa mara chache mno. Lipi linakusumbua zaidi leo? Dawa ipi tuiache? Nauli na pesa za dawa zinatosha kweli, au unaruka siku? Mzee anayeishi peke yake na aliyewahi kuanguka kwa sukari kushuka anaweza kulegezewa lengo la sukari, ingawa kijana angebanwa zaidi.

Na goti? Mara nyingi daktari hujaribu kwanza paracetamol, ambayo kwa kipimo sahihi haizisumbui figo kama diclofenac.