Kioo cha zamani na maua ya kufinyanga: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Jamani kabla hujakitoa kioo cha bibi nje akichukue mtu wa skrepa, nisikilize kwanza. Nimepamba vioo vingi kwa maua ya kufinyanga hapa Tanga na maswali ninayoulizwa ni yaleyale, na mengi yametokana na kusikia tu.

La kwanza kabisa: "yale madoa meusi pembeni ni uchafu, sugua na siki yatatoka". Hayatoki dada, na unazidi kuharibu. Kioo cha kujitazama ni gilasi ya kawaida iliyopakwa fedha nyembamba sana kwa nyuma, njia ambayo Mjerumani Justus von Liebig aliigundua mwaka 1835, halafu juu ya hiyo fedha inakuja rangi ya kuilinda. Rangi ikichoka unyevu unapenya ukingoni, fedha inaanza kuwa nyeusi. Sasa doa liko nyuma ya gilasi na wewe unasugua mbele, utalifikiaje? Tena siki ikitiririka mpaka ukingoni inaenda kuila ileile fedha iliyobaki. Mimi nafuta na kitambaa chenye unyevu kidogo tu, nakausha hapohapo, kisha napitisha vanishi kwa nyuma kuzunguka ukingo wote ili unyevu usiendelee kuingia, na yale madoa ndio yananionyesha shada likae wapi. Hapa kwetu Pwani mara nyingi naona yanaanzia kona za chini, basi nami maua makubwa naanzia chini, nayapandisha upande mmoja yakiwa yanapungua.

"Udongo wa kufinyangia maua unatengenezwa na unga wowote, hata wa ugali." Hapana. Ni konflawa, ile laini kama poda, maana ni wanga mtupu na ikipata moto inavutika. Sembe ina chenga, petali haitoki nyembamba. Mimi nachukua kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mbao, kikombe kimoja cha konflawa, vijiko viwili vya gliserini na viwili vya ndimu, nakoroga kwenye moto mdogo mpaka donge liachie sufuria, halafu nakanda likiwa bado vuguvugu na kulifunga kwenye nailoni. Na sufuria hiyo hairudi kupikia chakula.

Kuna wanaotumia ngano na chumvi kwa sababu ni rahisi, na kwa watu wa Iringa huko sijui, ila Pwani nawasihi msifanye. Chumvi inavuta maji kutoka hewani. Nilimfanyia shangazi yangu mawaridi ya ngano na chumvi mwezi wa kwanza, yakakauka vizuri kabisa, masika ilipoingia yakaanza kunata, rangi ikachubuka, mwisho yakadondoka moja moja, roho iliniuma maana kile kioo alikipenda sana.

Halafu huu udongo wa gundi na konflawa wengine wanauita poseleni baridi, na jina linawadanganya watu wanadhani hauogopi maji kama kikombe cha chai. Hauna poseleni hata chembe, haujachomwa kwenye tanuru, ukilowa unalainika. Kwa hiyo hata ukipaka vanishi tabaka mbili, kioo cha bafuni usikipambe nao, peleka sebuleni au chumbani.

"Anika juani yakauke haraka." Nje inakauka ndani bado mbichi, petali inapasuka. Weka kivulini siku 2 au 3, geuza geuza, ua nene lipe siku zaidi. Na lijue hili mapema: yanasinyaa. Maji yakitoka ua linakuwa dogo kuliko ulivyolifinyanga, so usipange ukingo wa kioo na maua mabichi ukahesabu yametosha, utakuja kukuta mianya. Subiri yakauke ndio upange, na ongeza vichipukizi na majani madogo ya kuzibia.

Sasa gundi. Watu wanaamini ile gundi ya moto ya bastola inashika popote. Kwenye fremu ya mbao sawa, ila kwenye gilasi tupu inabanduka nzimanzima kama ganda, hasa joto likipanda. Kwa gilasi natumia silikoni, na ulizia ile ya vioo isiyonuka siki, kwa sababu inayonuka siki inatoa asidi na asidi na fedha ya nyuma haviivani.

Na hii nyingine hakuna aliyeniambia kwamba si kweli, nimeona kwa macho yangu: "nyuma ya ua haionekani, usihangaike kupaka rangi." Kwenye ukuta kweli. Kwenye kioo, ua unalibandika juu ya gilasi lakini picha inarudi kutoka kwenye fedha iliyo nyuma yake, kwa hiyo ukisimama pembeni unaona chini ya petali kote, weupe wa udongo, tone la gundi, kila kitu. Paka rangi pande zote na gundi iwe katikati tu.

Wapo wanaosema maua ya kubandika ni mambo ya Kizungu. Nenda Lamu kaangalie zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za zamani, kuta nzima za plasta ya chokaa zimechongwa mapambo, watu wa huku tuko na kazi hizi karne na karne.

Mwisho, kioo chenye ufa. Ua halishikilii ufa, linauficha tu na ufa unaendelea kutembea chini yake. Gilasi ya milimita 4 yenye sentimita 60 kwa 90 ina kilo 5 na zaidi kabla hata hujaweka maua, ikiachia ukutani hapo mtoto anapita ni hatari. Chenye ufa nakipeleka kwa fundi vioo akate, napamba kipande kilichobaki kizima.