Je, ndoa ya jinsia moja iliyofungwa Cape Town inakuwaje wahusika wakihamia Nairobi?

Tuseme wanawake wawili wameoana Cape Town, na mmoja amepata kazi Nairobi. Cheti chao ni halali kabisa, kwani Afrika Kusini iliruhusu ndoa hizo mwaka 2006. Lakini wakikipeleka Uhamiaji, Nyayo House, kumwombea mwenzi kibali cha mtegemezi, hakitawafaa. Kwa nini?

Kwa kawaida, ndoa iliyofungwa kihalali kwa sheria za mahali fulani huheshimiwa kwingine. Ndiyo maana mume na mke waliooana Arusha hawalazimiki kufunga ndoa upya wakihamia Nairobi. Hata hivyo, kila nchi imejiachia nafasi ya kukataa ndoa inayopingana na misingi ya sheria zake. Kwa Kenya, Ibara ya 45 ya Katiba inampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Ndoa ya kutoka nje hupimwa kwa maneno hayohayo. Tena Kanuni ya Adhabu bado inaharamisha mahusiano ya kimwili ya jinsia moja, kwa kifungo cha hadi miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo Mei 2019.

Ndoa yenyewe haijavunjika. Wakirudi Cape Town bado ni wanandoa, na hakuna anayeweza kuoa au kuolewa tena huko kabla ya talaka. Linaloniuma ni kifo. Mmoja akifa Nairobi bila wosia wala watoto, mali yake huenda kwa wazazi na ndugu, na aliyeishi naye miaka yote huhesabika kama mgeni tu. Wosia ulioshuhudiwa na watu wawili hulizuia hilo, maana sheria ya Kenya inakuruhusu kumwachia mali umtakaye. Uandikwe mapema, kabla ya kufunga mizigo.

Na mwanamke kumwoa mwanamke si jambo geni hapa. Wakamba wana iweto, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimkubali mjane wa ndoa ya namna hiyo ya Kinandi kuwa mrithi. Lakini lengo la mila hiyo ni kupata watoto wa kuendeleza ukoo, si mapenzi ya wawili hao, kwa hiyo haiwasaidii wenzetu wa Cape Town.

Nchi nyingine hutambua nusunusu. Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kwamba mwenzi wa jinsia moja aliyeoana na raia nje ya nchi atambuliwe kwa mambo ya uhamiaji, ingawa Namibia yenyewe haifungishi ndoa hizo. Bunge likapitisha miswada ya kuupindua uamuzi huo mwaka huohuo. Mwaka 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Romania haiwezi kumnyima ukaazi mume Mmarekani wa raia wake wa kiume, waliooana Brussels. Haikuilazimisha Romania ianze kufungisha ndoa hizo.