Kupaki basi: si kila kocha anayejilinda kapaki

Kupaki basi ni kuirudisha timu nzima, au karibu yote, nyuma ya mpira na kuziba mbele ya lango ili mpinzani akose pa kupita. Mabeki wanne wanajazana kwenye boksi, viungo wanakaa hatua chache mbele yao, na mawinga wanageuka mabeki wa pembeni wa ziada. Mpira wanaachiwa wapinzani. Wapigiane pasi huko pembeni watakavyo, mradi katikati hapaingiliki.

Aliyeusambaza msemo huu ni kocha Mreno José Mourinho. Septemba 2004, Chelsea yake ilitoka suluhu na Tottenham pale Stamford Bridge, akalalamika kwamba wageni wamekuja na basi wakaliacha mbele ya goli. Mwaka 2010 alilipaki yeye mwenyewe, akiwa na Inter Milan kule Camp Nou, nyumbani kwa Barcelona, nusu fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Thiago Motta alilambwa nyekundu kipindi cha kwanza, Inter wakabaki kumi, wakafungwa 1-0 tu na kutinga fainali kwa jumla ya 3-2. Samuel Eto'o, mshambuliaji wa kutisha kabisa, siku ile alicheza kama beki wa pembeni.

Kwenye mabanda ya mpira hapa Moshi, Majengo hadi Pasua, neno hili sasa linatumika ovyo. Kocha mpya akianza na viungo wakabaji wawili tu, tayari watu wanapiga kelele kwamba kapaki basi. Hapana. Timu inaweza kukaa nyuma makusudi, ikamvuta mpinzani apande, kisha ikapora mpira na kufika golini kwa pasi tatu. Hilo ni shambulizi la kushtukiza, na linataka akili na ujasiri. Ukitaka kujua tofauti, achana na mabeki. Mwangalie straika pale mpira unapookolewa. Akiwa karibu na mstari wa kati, na winga mmoja keshaanza kuchomoka, timu ina mpango. Akiwa naye yuko ndani ya boksi lake anakaba kona, mpira ukibutuliwa unaangukia kwa mpinzani, unarudi palepale, na mabeki hawajapata hata nafasi ya kujipanga. Hapo basi limepakiwa kweli.

Na simlaumu kocha mpya kwa kuanza kwa tahadhari. Ukabaji unafundishika haraka: mistari ikae wapi, nani amshike nani kwenye kona, beki wa kulia apande lini. Kushambulia kunataka wachezaji wazoeane, mmoja ajue mwenzake atakimbilia wapi kabla hajainua kichwa, na hilo halipatikani kwa wiki mbili za mazoezi.

Mfano ninao wa nyumbani. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast, Januari 2024, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, walichapwa 3-0 na Morocco, kocha Adel Amrouche akasimamishwa, na Hemed Suleiman 'Morocco' akakabidhiwa timu siku chache tu kabla ya kukutana na Zambia. Kwa muda ule angefanya nini zaidi ya kuziba mianya kwanza? Simon Msuva akafunga dakika ya 11. Zambia wakabaki pungufu kabla ya mapumziko. Halafu dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu kwa macho yangu tulikuwa na mtu wa ziada na bado tukazidi kurudi nyuma. Aliye pungufu anatakiwa akimbizwe mpaka miguu imwishe. Ukimwachia mpira unampumzisha. Mechi ya mwisho ya kundi tulihitaji ushindi dhidi ya DR Congo, ikaisha suluhu, tukarudi na pointi mbili.

Kwa timu ndogo hesabu ni nyingine kabisa. Polisi Tanzania walipokuwa Ligi Kuu wakitumia uwanja wa Ushirika, nani angewadai wafunguke mbele ya Simba au Yanga? Pointi moja ya mechi kama ile inaweza kuwa ndiyo inayokubakiza ligini mwezi Mei. Hapo kupaki ni kazi halali, na inachosha kuliko wengi wanavyodhani: dakika tisini za kusogea kulia na kushoto pamoja, akilala mmoja tu goli limeingia.

Kinachonikera ni kocha wa timu kubwa, mwenye kikosi cha kuogopwa, anayefanya hivyohivyo nyumbani dhidi ya timu ya mkiani. Nampa mechi tano, sita, apange ukuta wake kwa amani. Baada ya hapo, ikifika dakika ya 60, matokeo 0-0, na straika wetu bado anaokoa mipira kwenye boksi letu, nitapiga kelele bandani na wenzangu, na nitakuwa na haki.