Je, wajua kwa nini besi huua spika iliyoimudu solo kwa miaka?

Spika ilikufa mchana kweupe, katikati ya pambio. Tulikuwa kwenye mkutano wa injili uwanjani Igoma, hapa Mwanza: kwaya tatu, jenereta moja, na gitaa la besi lililochomekwa kwenye amplifaya ya solo, ile yenye spika ndani yake, kwa sababu amplifaya ya besi ilikuwa bado iko kwa fundi. Ile ya solo ilikuwa imefanya kazi miaka mingi bila kuugua hata siku moja. Besi ilihitaji nyimbo tatu tu kuimaliza. Sauti ilianza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga ziwani, ikapiga mlio mmoja mkavu, ikanyamaza. Kijana wa besi akanifuata nyuma ya jukwaa, uso umemshuka. "Mwalimu, kweli tena, sauti sikufungua hata nusu. Sasa imeunguaje?"

Nilimwambia kwamba mkono wake haukuwa na kosa. Tuliokosea ni sisi tuliomchomekea pale. Swali lake lilistahili jibu refu kuliko hilo, na nimekuwa nikilirudia kwa kila mpiga besi anayekuja kuniuliza anunue nini.

Uzi mnene wa gitaa la solo ukipigwa mtupu hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41, yaani hetzi 41, nusu ya ule. Wengi wakisikia nusu hudhani spika nayo itafanya kazi nusu. Ni kinyume chake. Aliyewahi kupepea jiko la mkaa anajua: ukipepea harakaharaka, mkono unasogea kidogo tu na moto unashika, ukipepea polepole, hewa inaukwepa upepeo pembeni, na usiporefusha mkono moto haushiki. Koni ya spika nayo inapambana na hewa hivyohivyo. Ili noti ya hetzi 41 itoke na nguvu ileile ya noti ya hetzi 82, koni inatakiwa kwenda mbele na nyuma umbali mara nne, wala si mara mbili. Kwenye besi ya nyuzi tano, ambayo uzi wake wa chini kabisa ni karibu hetzi 31, umbali huo unafika kama mara saba.

Spika ya solo haikuundwa kwa safari ndefu namna hiyo. Koni yake ni nyepesi, ukingo wake umekazwa, na koili, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni ndani ya sumaku, ina nafasi ndogo sana ya kusogea. Besi inaisukuma mpaka inatoka kwenye mwanya wake, inagonga, inapinda, inaanza kusugua. Ule mkwaruzo tuliousikia Igoma ulikuwa koili ikijichubua. Na kwa kuwa tatizo ni umbali wa koni kuliko ukubwa wa kelele, kitufe cha sauti kinaweza kuwa chini ya nusu na spika ikafa vilevile.

Tena amplifaya nyingi za solo zina mgongo wazi. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Mgongo ukiwa wazi, hewa ya mbele inazunguka kwenda kuziba pengo la nyuma, na noti ya chini inajifuta yenyewe kabla haijamfikia msikilizaji. Mpigaji anaona besi haisikiki, anaongeza sauti, na koni inazidi kuteseka bure.

Ndiyo maana kabati la spika la besi ni boksi lililofungwa. Lipo lililozibwa pande zote, na lipo lenye tundu lililopimwa. Tundu lile si pambo. Puliza mdomoni mwa chupa ya soda usikie mvumo: hewa ya ndani ya chupa ina noti yake, na hewa ya ndani ya kabati inayo pia. Fundi wa kabati huchagua noti hiyo ili tundu lisaidie pale koni inapoanza kuchoka. Lakini chini ya noti hiyo, hewa ya ndani huacha kuishika koni, ikabaki inaning'inia bila breki. Ukichukua kabati dogo lenye tundu halafu ukakaa kwenye uzi wa tano kwa nguvu, unacheza na hatari ileile ya Igoma, hata kama kabati limeandikwa "besi" kwa herufi kubwa. Zipo amplifaya zenye kitufe cha kukata mitetemo ya chini kabisa. Kitumieni. Sikio halitaona kilichopungua, maana ubongo una uwezo wa ajabu: ukisikia mitetemo ya juu ya noti, hetzi 82 na 123 na 164, unaijaza wenyewe ile 41. Kwa sababu hiyo unaweza kufuata mstari wa besi hata kwenye simu ndogo ambayo spika yake haiwezi kabisa kutoa sauti hiyo.

Sasa inchi. Madukani utaambiwa spika ya inchi 15 ndiyo ya besi na ya inchi 10 ni ya solo. Si kweli. Kinachohesabika ni jumla ya hewa inayosukumwa na boksi lililoizunguka. Eneo la koni linafuata mraba wa upana wake: inchi 15 mara 15 ni 225, inchi 10 mara 10 ni 100. Spika nne za inchi 10 zina 400, zimeipita ile moja ya inchi 15 karibu mara mbili. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa amplifaya ya SVT ya wati 300 pamoja na kabati la spika nane za inchi 10, lililozibwa kabisa, na likawa kipimo cha besi ya jukwaani hadi leo.

Mimi napendelea za inchi 10 kwa sababu ya muziki tunaopiga huku. Besi ya benga, ule muziki wa pwani ya ziwa uliosambazwa na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, haikai chini kama mkeka. Inaruka, inajibizana na solo. Sebene la makanisani nalo linataka kila kidole kisikike. Spika ya inchi 15 iliyotengenezwa vizuri inaweza, ila nyingi za bei ndogo zinavuruga noti zikawa uji.

Hapa niseme jambo ambalo wauza magitaa hawatalipenda: pesa yenu ya kwanza iende kwenye kabati la spika, ya pili kwenye amplifaya, ya mwisho kwenye gitaa. Karibu kila kikundi ninachokijua hufanya kinyume, kwa sababu gitaa ndilo linaloonekana kwenye picha. Kila spika ina kipimo cha usikivu: ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani? Kabati moja linaweza kutoa 94, lingine 100. Tofauti ya 6 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini kila unapozidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo kabati la 94 linahitaji wati 400 kufikia kelele ambayo kabati la 100 linaitoa kwa wati 100. Kikundi kinachojinyima miezi kadhaa kinunue amplifaya kubwa zaidi, mara nyingi kingepata nguvu hiyohiyo kwa kubadilisha boksi.

Kuoanisha amplifaya na kabati ndiko kunakounguza vitu kimyakimya, na neno lake ni omu. Fikiria mageti ya soko la Mwaloni pale Kirumba alfajiri, dagaa na sangara wanatoka. Geti likiwa moja, watu wanapita kwa kubanana. Fungua la pili lenye upana uleule, wanapita mara mbili. Omu ni ule ubanaji. Kabati moja la omu 8 ni geti moja. Ukiunganisha makabati mawili ya omu 8, ubanaji unashuka hadi omu 4 na umeme unatoka maradufu. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2. La 8 na la 4 yanakuwa kama omu 2.7, na lile la 4 linakula theluthi mbili ya nguvu yote. Wala usidanganyike na matundu mawili ya kuchomekea waya nyuma ya kabati. Ukitoa waya kutoka kabati la kwanza kwenda la pili, bado umefungua geti la pili, hujarefusha njia.

Amplifaya ya transista imeandikwa kima cha chini cha omu, mara nyingi 4. Ukishuka chini ya hapo inatoa umeme mwingi kuliko uwezo wake, inapata moto, inajizima au inaungua. Ukikaa juu ya hapo hakuna madhara, ila unapata nguvu pungufu: iliyoandikwa wati 300 kwa omu 4 itatoa nusu yake, au zaidi kidogo, kwenye kabati moja la omu 8. Ukipanga kununua kabati la pili siku za mbele, nunua la kwanza la omu 8. Ukinunua la omu 4 kwenye amplifaya ya namna hiyo, umefunga mlango. Amplifaya za valvu, zile za vioo vinavyowaka ndani, zina sheria yake: omu za kabati zilingane na tundu ulilochomeka, na isiwashwe kupigwa bila spika kabisa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Waya nao. Waya wa gitaa na waya wa spika vinaweza kuwa na jaki zinazofanana kabisa, lakini ndani ya waya wa gitaa kuna uzi mwembamba uliotengenezwa kubeba umeme mdogo sana. Ukiutumia kwenda kwenye kabati unapata moto, unapoteza nguvu, na ukishikana ndani unaua amplifaya.

Na kabla hujalipa kifaa kilichotumika kutoka Marekani, geuza usome nyuma. Kule umeme ni volti 120, hapa ni 230. Kisicho na swichi ya kubadilisha, au kisichoandikwa kwamba kinapokea zote mbili, kinahitaji transfoma ya kushusha, na bei ya transfoma hiyo iingie kwenye mapatano. Umeme wetu wenyewe huenda mara 50 kwa sekunde, na hiyo ni karibu kabisa na noti ya G ya besi, freti ya tatu ya shingo kwenye uzi mnene, hetzi 49. Kifaa kisicho na ethi nzuri kinavuma palepale besi inapoishi, kwa hiyo mvumo ambao mpiga solo anauvumilia, kwako unaharibu wimbo mzima.

Gitaa lenyewe sitalikalia sana. Mmarekani Leo Fender alitoa gitaa la besi la Precision Bass mwaka 1951, na magitaa mengi ya besi yanayouzwa leo bado yanafuata urefu wake wa uzi, inchi 34. La kuangalia ni moja: lina betri au halina? Lenye betri ya volti 9 lina kikuza sauti ndani yake na hutoa umeme mwingi zaidi. Lichomeke kwenye tundu la amplifaya lililotengwa kwa ajili yake, la sivyo sauti itapasuka mwanzoni kabisa na utailaumu spika. Betri ikianza kufa, besi pia hukwaruza. Badilisha betri kabla ya kumwita fundi.

Jambo la mwisho linahusu mahali unaposimama. Wapiga besi wengi wanadai sauti ya besi haisikiki karibu, eti wimbi lake, ambalo kwa hetzi 41 lina urefu wa mita 8 na zaidi, linahitaji kujinyoosha kwanza. Vipokea sauti vya masikioni vinatoa besi sentimita moja kutoka ngoma ya sikio, kwa hiyo hoja hiyo haina miguu. Ukweli ni kwamba kabati liko chini, noti za juu zinazoeleza vidole vyako zinapita magotini, na wewe unabaki na mvumo tu. Liinue juu ya meza imara au ulilaze liangalie juu. Ndani ya ukumbi, ukuta na kona vinaongeza besi bila gharama yoyote. Uwanjani hakuna ukuta, na kabati lililotikisa kanisa linaonekana limepoteza sauti.

Isipokuwa ukiwa karibu na ziwa jioni. Hewa iliyogusa maji inapoa huku ya juu ikibaki na joto, na sauti iliyokuwa inapotea juu inapindishwa kurudi chini, inateleza juu ya maji. Noti za juu hunyonywa na hewa njiani; za chini hazinyonyeki upesi hivyo, na kwa kuwa mawimbi yake ni marefu yanayazunguka mawe yetu ya Mwanza kama maji yanavyozunguka nguzo. Ndiyo sababu mtu wa Capri Point, mtaa wa kando ya ziwa, anaweza kusikia besi ya harusi iliyo ng'ambo ya maji asijue wimbo ni upi.

Kwaya yetu sasa ina kabati la spika nne za inchi 10, omu 8, na amplifaya ya transista inayovumilia hadi omu 4, ili siku tukipata kabati la pili tusibadilishe chochote. Gitaa ni lile lile la Igoma.